Adèle na Utando wa Mguu wa Didier

Mapadri wa Bunia walikuwa na neno lao juu ya Adèle: mpe kanzu yenye doa, na kanzu itarudi haina doa au haitarudi kabisa. Hawakuwa wanatania. Aliwahi kurudisha kitambaa cha altare kikiwa na tundu mahali palipokuwa na tone la divai, na paroko alipomuuliza, alijibu kwamba tundu ni safi.

Alizaliwa Kilo, kwenye machimbo ya dhahabu, binti wa mchimbaji, akakulia kwenye matope mekundu ambayo yaliingia mpaka ndani ya mashuka na ndani ya ugali. Aliyachukia tangu utotoni. Akaolewa na Xavier, seremala, wakahamia Bunia, wakajenga kwenye mtaa wa Shari. Xavier alipokufa kwa homa, Adèle alibaki na nyumba ya matofali mabichi, pasi ya makaa na mtoto mmoja, Didier. Pasi ndiyo iliyomsomesha mtoto. Naye mtoto alipoota ndevu aliiacha shule akaenda Bambu kutafuta dhahabu, yaani alirudi kwenye matope yale yale ambayo mama yake alikuwa ameyakimbia. Na huko matopeni akamwokota Fifi.

Neno kuokota ni la Adèle, si langu. Fifi alikuwa binti wa Mwislamu aliyetoka mbali kuja kuchimba, na mama yake alikuwa mtu wa milima ya nyuma ya Bambu. Wakati wa amani mchanganyiko kama huo haukumshangaza mtu, maana machimboni kila mtu ametoka kwingine. Vita vilipoingia mkoa wa Ituri, kila mtu akatakiwa awe na upande, na Fifi hakuwa na upande uliosomeka usoni. Kwa Adèle hilo lilikuwa doa, na unajua sasa Adèle alivyokuwa na madoa.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 nyumba yao ya Bambu ilichomwa moto. Didier aliingia kuokoa alichoweza, na mti wa paa ukamwangukia mguuni ukiwaka. Wakafika Shari baada ya kulala porini, yeye mbele na fimbo, Fifi nyuma yake, wote wawili rangi ya majivu. Kidonda kilianza chini ya goti kikashuka kama sahani iliyobandikwa kwenye muundi. Adèle alimkalisha mwanawe, akamtazama mguu, kisha akamgeukia mkwe.

"Na weye, moto haikukugusa?"

"Nilikuwa ku mto, Mama. Nilikuwa nachota maji."

"Sikia! Nyumba inaungua, bibi iko ku mto."

Hiyo ndiyo ilikuwa karibu ya Fifi. Usiseme ilikuwa vita tu iliyomfanya vile. Vita vilimpa ruhusa, ukali alikuwa nao tangu zamani.

Kwenye kituo cha afya cha mtaa alikuwako muuguzi aliyeitwa Anselme, ambaye watu walimwita Docteur kwa sababu dokta wa kweli alikuwa amekwisha kukimbia. Anselme alikuwa mtu wa kununa. Waliokuwa na bunduki walikuwa wamempora pamba, dawa na hata viti, na kila aliyeingia mlangoni alipokewa kama mwizi mwingine. Akaosha kidonda, akatandika juu yake kitambaa chepesi kilichopakwa vaselini, akafunga bandeji, akasema Didier arudi Alhamisi na kabla ya hapo asifungue mtu.

Asifungue mtu! Adèle alitoka pale amefura kwa hasira. Hata kitambaa cha kufutia meza asingekiacha kikae hivyo bila kufuliwa, sembuse nyama ya mwanawe. Yule Anselme ni mvivu, akasema moyoni, na uvivu wake unanuka.

Kwa hiyo kila asubuhi akampa Fifi bidon mbili za maji na kumtuma kwenye chemchemi, safari ndefu yenye foleni. Fifi akiisha kutoweka njiani, Adèle aliteremsha beseni, akachemsha maji ya chumvi, akafungua bandeji. Na kila asubuhi aliuona ule uchafu. Kuzunguka ukingo wote wa kidonda palikuwa na utando mwembamba, mweupe, wenye kung'aa kidogo, kama ngozi inayolala juu ya maziwa yaliyochemshwa. Tena ulikuwa unatambaa. Ulitoka pembeni ukielekea katikati, leo hapa, kesho mbele kidogo. Adèle alijua vitu vinavyotambaa hivyo. Ukungu wa mashuka hutambaa hivyo, na dawa yake ni moja. Alichukua kitambaa, akakizungusha kidoleni, akakipaka sabuni, akausugua utando mpaka ukatoka wote na damu ikachomoza, nyekundu, nzuri, safi. Kisha akafunga tena, na alifunga vizuri kuliko Anselme, maana mikono iliyokunja kanzu za mapadri maisha yote haishindwi na bandeji.

Didier aliuma pindo la blanketi. Mwanamume mzima, mwenye ndevu, anasuguliwa na mama yake kama sufuria: angemwambia nani? Hata mkewe hakumwambia. Aliona haya, na zaidi ya haya aliamini. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumshinda Adèle kwa jambo la usafi.

Kila Alhamisi Anselme alifungua na kushangaa. "Haiendelee," alisema. "Haina usaha, haina harufu, na haifunge. Ni kama kuko mutu anairudisha nyuma."

Kuna mtu anairudisha nyuma. Adèle aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani, akayageuza, na kila alipoyageuza yalikuwa na uso wa Fifi. Nani analala na Didier chumba kimoja? Nani hakuguswa na moto? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na nani anajua nguo kumshinda Adèle? Jumapili, baada ya misa, alimwambia jirani yake Hélène kwamba kidonda cha Didier si kidonda cha Mungu, ni cha uchawi, na kwamba amemweka mlozi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hélène alikuwa rafiki yake wa tangu ujana. Hélène pia alikuwa mama yake Serge, na Serge alikuwa mkuu wa vijana wa kizuizi cha barabara, pale walipokuwa wakiwatenga watu wa upande wao na maadui kwa kuwatazama pua. Adèle alilijua hilo vizuri kabisa. Alisema hata hivyo.

Basi siku moja Anselme akaja mwenyewe. Kituo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya milio ya risasi upande wa soko, naye alikuwa anawazungukia wagonjwa wake nyumbani kwa miguu, amenuna kama kawaida. Aliingia uani bila hodi, akamkuta Adèle amechuchumaa, mguu wa mwanawe juu ya goti lake, kitambaa mkononi, beseni limekwisha kuwa la waridi.

"Mama, unafanya nini?"

"Kazi yako," alisema Adèle bila kuinua kichwa.

Anselme alimpokonya kitambaa, akakikunjua mwangani. Kulikuwa na kipande cha ule utando, kimejikunja, laini, kinapitisha nuru.

"Na hii ni nini?"

"Ni uchafu. Hauone?"

"Hii ni ngozi!" Anselme alipiga kelele mpaka kuku wakaruka. "Ngozi ya mutoto yako! Anaiotesha kila siku, na weye unaitoa kila asubui! Unamuchuna mutoto yako muzima, Mama!"

Kisha, kwa hasira ile ile, akamfundisha. Huo ndio ulikuwa mtindo wake: aliitupa elimu kama mtu anayetupa mawe. Ngozi ya juu, alisema, ni vitu vidogo vilivyo hai, visivyoonekana kwa macho, chembe zilizopangwa moja ubavuni mwa nyingine. Kila chembe imewashika majirani zake kwa vifungo, na zile za chini zimejipigilia misumari kwenye sakafu ya mwili. Ngozi ikiungua au ikikatwa, chembe zilizobaki ukingoni zinahisi kwamba upande mmoja hakuna jirani tena. Hapo zinafanya jambo la ajabu. Zinang'oa misumari ya chini. Vifungo vya ubavuni zinavilegeza, lakini haziviachi, zinavifungua na kuvifunga tena huku zikienda. Za mbele zinanyoosha miguu na kutambaa juu ya kidonda, za nyuma zinafuata kwa kuwa zimeshikana nazo. Zikikutana katikati na zile zilizotoka ng'ambo ya pili, zinagusana, zinatambuana, zinasimama papo hapo, zinafungana. Misumari ya kwenda chini inarudishwa mwisho.

"Njo maana inatoka na kitambaa," alisema Anselme. "Inajishika yenyewe kwa yenyewe tu. Chini haiyashika bado. Weye unapita na sabuni, yote inainuka mara moja."

"Na kama zinaachana, Docteur?" aliuliza Didier. "Kama kila moja inaenda peke yake?"

"Basi kidonda haifunge. Na kuko ugonjwa mubaya sana, kansa, unatembea mu mwili kwa sababu ya zile chembe zinaachana na wenzake."

 Uso wa Didier ukafunguka kama wa mtu aliyeona nyumbani kwao kwa mbali.

"Ni kama siye ku mto," alisema. "Wakati wa kukimbia tulipita mto ya Shari mahali hakuna daraja. Maji ilifika hapa, ku kifua. Mimi mbele na fimbo, Fifi ananishika mukaba ya suruali huku nyuma, mutu mwingine anamushika yeye. Angekaza sana, singeweza kutupa muguu. Angeachilia, maji ingemubeba. Alilegeza, akashika tena, akalegeza, akashika tena. Mpaka ng'ambo."

Fifi alikuwa amesimama mlangoni mwa ua na bidon zake. Alikuwa amefika wakati wa makelele, na ameyasikia yote: beseni, kitambaa, kila asubuhi. Alitua bidon chini polepole. Akamtazama Adèle, na jicho lile halikuwa la mkwe kwa mama mkwe.

Adèle aliyasikia maneno ya mwanawe na akasikia kitu kimoja ndani yake: mwanamke huyu anasifiwa nyumbani kwangu. Akasimama.

"Mimi niko nafua toka weye hauyazaliwa!" alimwambia Anselme. "Unakuya kunifundisha uchafu? Weye hata kituo yako ilikushinda kulinda!"

Jiwe lile lilimpata Anselme penyewe. Alikiangusha kitambaa ndani ya beseni. "Sawa," alisema. "Endelea, Mama. Sugua. Wakimukata muguu, utaufua vizuri." Akaondoka, na hakuaga.

Mtu mwingine angeacha hapo. Adèle hakuwa mtu mwingine. Aliamua kumuumbua yule muuguzi kwa ushahidi. Tangu kesho yake akakigawa kidonda kwa macho: nusu ya juu, karibu na goti, aliisugua kama desturi; nusu ya chini hakuigusa, aliifunika tu na kitambaa kile cha vaselini. Fifi alikataa kwenda tena chemchemini asubuhi. Alikaa kwenye kizingiti, mikono imefumbatwa, akamtazama, na Adèle akasugua mbele yake makusudi. Didier alikubali, maana kusuguliwa nusu ni afadhali kuliko kusuguliwa kote.

"Tutaona nani mwongo," alisema Adèle.

Wakaona. Haikupita juma wakaona. Nusu ya juu ilikuwa vile vile, mbichi, inang'aa damu. Nusu ya chini ule utando ulikuwa umeingia ndani kutoka pande zote, ukakutana, na pale ulipokutana ulikuwa umeacha kung'aa kimaji na kuanza kuwa kitu kikavu, cha rangi ya waridi, kilichotulia. Adèle aliinamia mguu ule muda mrefu. Alitafuta kosa, kama alivyozoea kutafuta doa lililojificha kwenye mshono. Hakulipata.

Hakulia. Alikasirika. Alimkasirikia Anselme kwa kuwa kweli, akamkasirikia Didier kwa kunyamaza zile asubuhi zote, akamkasirikia Mungu aliyeiumba ngozi changa ikafanana na uchafu. Na chini ya hasira zote hizo kulikuwa na kitu baridi, kwa sababu alikumbuka Hélène. Maji yakimwagika hayazoleki. Alijiambia atakwenda kwa Hélène kesho, amwambie kwamba, eh, kwamba Fifi si mlozi, ni mchafu tu. Hata toba yake aliipigia pasi kwanza.

Hakupata kesho. Jua lilikuwa halijapanda vizuri Serge alipoingia uani na vijana wawili, bunduki zimening'inia mabegani kama mizigo ya kuni. Serge huyu, kanzu yake ya ubatizo Adèle ndiye aliyeipiga pasi. Fifi alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulisimama hewani.

"Mama Adèle," alisema Serge, kwa heshima yote, "tulikuya kumukamata ule mwanamuke. Mama yangu alituambia. Ulisema iko analoga Didier."

Hapo angeweza kunyamaza. Nataka hilo lieleweke, kwa kuwa wapo waliosema baadaye kwamba hakuwa na njia. Njia ilikuwepo, pana: kufunga mdomo. Alimtazama Fifi, na hakumpenda hata kidogo. Akamtazama Didier aliyekaa mkekani, ameganda, na mkono mmoja amemshika mkewe nguo.

"Nilisema uongo," alisema Adèle.

"Unamukinga, Mama. Usimuogope."

"Mimi nimuogope nani? Kuya hapa, angalia." Akaivuta bandeji, akaonyesha mguu. "Unaona huku chini? Hii inapona. Unaona huku juu? Hii ni mimi. Ni mimi njo niko naitoa ngozi kila asubui, na sabuni, na mukono hii. Fifi hakugusa. Mimi njo naharibu mutoto yangu."

Serge aliinama, akaangalia kwa makini, nusu moja na nusu nyingine. Alikuwa kijana mwenye akili, vita vilimkuta bado yuko shuleni. Kisha akainuka, na uso wake ulikuwa umebadilika. Mmoja wa wenzake alikuwa amerudi nyuma hatua.

"Basi mulozi ni weye," alisema.

Adèle alifungua mdomo aeleze habari za chembe, za vifungo na misumari. Akaona jinsi yatakavyosikika. Akaufunga. Waliokuja kumchukua mlozi hawarudi mikono mitupu, na mlozi alikuwa amejitaja mwenyewe, mbele ya mashahidi, akitoa na ushahidi.

"Mutu anayekula mutoto yake hatakaa mu quartier yetu ya Shari," alisema Serge. "Juu ya vile ulinipigia pasi nguo za ubatizo, sitakufanya kitu. Toka. Leo hii, sasa hivi. Nikikuona tena Shari, sitakumbuka ubatizo."

Alichukua pasi yake. Hakuchukua kingine. Alipofika mlangoni mwa ua alisikia kishindo nyuma: Didier alikuwa anainuka, anaushindilia mguu ule chini, anakuja. Adèle akageuka, na sauti yake ilipasuka kama ya mtu anayeona mtoto karibu na moto.

"Kaa chini! Usikanyage! Utaitoa! Haiyashika bado!"

Ni Fifi aliyemrudisha. Aliutupa mchi, akamkamata mumewe mkanda wa suruali kwa nyuma, akavuta. Hayo ndiyo yalikuwa maagano ya mama na mwana, na Adèle akatoka na pasi yake akiwa bado anafoka.

Alilala huku na huku kwa watu wasiomjua. Mwezi wa tano mji ulipolipuka na Bunia nzima ikakimbilia chini ya maturubai karibu na uwanja wa ndege, yeye alikuwa mmoja tu kati ya maelfu, na hata Hélène alikuwa humo, safu mbili nyuma, akigeuza uso kila walipokutana. Adèle alifua matambara ya watu kwa maji ya matope, akawatukana waliochafua mfereji, akakonda.

Didier alimpata wakati mvua zimepungua. Alikuja anatembea, hana fimbo. Fifi alikuwa nyuma yake. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Didier alikaa kwenye bidon iliyopinduliwa, akapandisha suruali, akanyoosha mguu mbele ya mama yake.

Kidonda kilikuwa kimefunga chote. Ngozi ilikuwa nyembamba, ya waridi, laini kupita kiasi, na juu yake katikati, mahali pale pande mbili zilipokutana, palikuwa na tone la tope jekundu lililokauka njiani. Kidole gumba cha Adèle kilikwenda chenyewe, kimekwisha kuloweshwa mate.

Fifi alimdaka kifundo cha mkono. Alimdaka kwa nguvu, kama unavyomdaka mwizi mfukoni mwako.

"Hapo hapana, Mama."

Macho yao yalikutana, na hapakuwa na msamaha ndani ya macho ya Fifi, wala Adèle hakuuomba. Mkono ule ulikaa umeshikwa. Adèle angeweza kuuvuta. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliliona doa, akaliacha.